Namna ya kuandaa mtaa wenu kabla ya mafuriko: anzeni na wale ambao hawawezi kukimbia

Kila masika ikikaribia tunasikia tangazo lilelile, wakazi wa mabondeni wahame, wachukue tahadhari, basi imeisha hiyo. Wahame waende wapi, kwa hela gani, na nani atambeba bibi wa nyumba ya kona aliyepooza upande mmoja, huko tangazo halifiki. Mi nakaa Dar, mitaa ya bonde la mto Msimbazi naijua, na ninachoandika hapa ni kitu ambacho mtaa wowote unaweza kukifanya wenyewe kwa daftari na kalamu na watu wachache wenye moyo bila kusubiri mradi: kuwajua kwa majina wale ambao maji yakija usiku hawatoki wenyewe, alafu kupanga kila kitu kuanzia kwao.

Watu wanapenda kusema mafuriko hayachagui. Yanachagua sana jamani. Chukua nyumba mbili Kigogo zimetazamana, mvua moja, maji yaleyale ya kiunoni. Huku kuna mwenye nyumba, ana gari, ana ndugu Kimara, ana vijana wawili wenye nguvu, ameshaondoka toka jioni. Kule kuna dada mpangaji, amelipa kodi ya miezi sita kwa mkopo wa kikoba, ana mtoto wa mgongoni na mwingine wa miaka minne, biashara yake yote ni jiko na masufuria na gunia la mchele vimo humohumo chumbani, akiondoka vinaibiwa na asipoondoka anazama navyo. Kinachowatofautisha ni hela, umri, afya, ndugu, na kama kuna mtu wa kumgongea mlango. Mvua hatuiwezi, ila hivyo vingine vingi tunaviweza, na ndo maana nasema tuanzie hapo.

Na hii sio ya Dar tu. Marekani 2005 kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, karibu nusu ya waliokufa jimbo la Louisiana walikuwa wazee wa miaka 75 na kuendelea, na maelfu kwa maelfu ya watu walibaki mjini kwa sababu hawakuwa na gari. Nchi tajiri kabisa hiyo, amri ya kuondoka ilitolewa, waliobaki ni walewale wasio na namna.

DAFTARI LA MTAA

Hii ndo kazi kubwa kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Muwe watu wanne watano, msipite bila mjumbe wenu wa nyumba kumi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema maana mkianza kuandika majina ya watu bila yeye kujua watu watadhani ni zoezi la bomoabomoa, na hofu hiyo ina sababu, watu wa Mkwajuni na Jangwani hawajasahau X nyekundu na magreda ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016. Ukifika mlangoni salimia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo baba, eleza kwanza: hatuandiki nyumba, tunaandika nani wa kumfuata maji yakija. Hayo maneno yarudieni kila mlango.

Nendeni jioni. Asubuhi Dar utakuta watoto na wagonjwa, wakubwa wako Kariakoo na Feri na Ilala sokoni. Na msiishie kumuuliza baba mwenye nyumba, maana yeye atakwambia hapa tuko watu sita wakati uani kuna vyumba vinne vya wapangaji ambao hata majina yao hayajui. Swali la kuuliza ni moja, nani analala hapa usiku, chumba kwa chumba.

Wa kuwaandika ni hawa: wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu tu, wasiotembea au wanaotembea kwa shida, wasioona na wasiosikia (huyu ukimpigia firimbi mpaka kesho hajui kitu), wajawazito wa miezi ya mwisho, waliojifungua juzi juzi, mama au baba mwenye watoto wadogo peke yake, wagonjwa wa akili, wasio na simu kabisa, na wageni waliohamia hivi karibuni ambao hawajawahi kuona bonde likijaa na hawajui njia ya kutokea. Kuna kundi jingine linasahaulika kila mara na mi linaniuma kuliko yote: watoto wanaofungiwa ndani. Mama lishe anatoka saa kumi alfajiri, anawafungia watoto kwa kufuli wasitoke wakapotea, anarudi kukishakucha kuwaamsha waende shule. Sio mama mbaya huyo, hana pa kuwaacha. Maji yakija saa kumi na moja alfajiri watoto wako nyuma ya kufuli. Dawa yake ni rahisi, ufunguo wa pili ukae kwa jirani, iandikwe kwenye daftari kwamba uko kwa nani.

Magonjwa ya watu msiyaandike. Mtaani siri haikai na mkiandika fulani anatumia dawa fulani mmemharibia maisha. Andikeni tu "ana dawa za kila siku, zitoke naye", inatosha, kisukari, presha, chochote kile.

Daftari lenyewe liwe kaunta buku ya kawaida, nakala mbili, moja kwa mjumbe na nyingine kwa mtu anayekaa sehemu ya juu ambako maji hayafiki. Grupu la WhatsApp ni zuri kwa taarifa ila lisiwe ndo daftari, umeme ukikatika siku mbili simu zote zimekufa, tena majina ya watu wasiojiweza kuzunguka kwenye simu za watu sio salama.

MAJI YALIFIKA WAPI

Kabla hamjapanga njia lazima mjue maji yenu. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu huko upande wa Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, Ulongoni, unapita Vingunguti na Kigogo mpaka Jangwani, alafu unatokea baharini pale Salenda, na njiani unapokea mito mingine kama ule wa Ng'ombe unaotoka Sinza na Tandale. Maana yake ni kwamba Jangwani panaweza pasidondoke hata tone na bado maji yakaja, kwa sababu mvua imenyesha Pugu. Watu wengi wananaswa hapo, wanaangalia mbingu ya kwao wanaona kweupe wanalala.

Kaeni na wenyeji wa zamani waulizeni Desemba 2011 maji yalifika wapi, ile mvua iliyoua watu zaidi ya 40 Dar, na 2014, na 2018. Msiulize mita ngapi, uliza goti, kiuno, kifua, dirishani. Ndivyo walivyofanya vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji walipita mitaani na simu wakipima mitaro na kuuliza maji yalifika wapi, na kazi yao ilionyesha kwamba mama wa Tandale anajua mto wake kuliko ramani nyingi za ofisini. Nyie chukueni rangi mpige alama kwenye nguzo na kuta: mstari wa kwanza karibu na mto ambao maji yakiufikia watu wa daftari wanaanza kutolewa, mstari wa pili ambao yakiufikia kila mtu anatoka. Mstari wa kwanza uwe chini kweli. Mzee wa kubebwa anahitaji nusu saa nzima wakati kijana anahitaji dakika tano, kwa hiyo onyo lake lazima litangulie.

ONYO LIFIKEJE

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa athari kwa siku tano na rangi zake, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mtu mmoja kwenye kamati yenu kazi yake iwe kuuangalia kila siku jioni msimu wa vuli (Oktoba mpaka Desemba) na masika (Machi mpaka Mei). Ikiwa chungwa, siku hiyohiyo mnawapitia watu wa daftari, hamsubiri maji. Mama mjamzito aende kwa dada yake leo, mzee ahamishiwe chumba cha jirani wa juu leo. Mvua isiponyesha hakuna aliyepoteza, na msimcheke mtu wala kumlaumu aliyetangaza, maana ukimcheka mara moja safari ijayo ananyamaza.

Tafuteni pia mtu wa juu ya mto. Kila mtaa wa bondeni uwe na namba mbili tatu za watu wa Ulongoni au Gongo la Mboto ambao wakiona mto umebadilika rangi na umeanza kubeba magogo wanapiga simu chini. Muwawekee vocha. Huo ndo mtambo wa onyo wa bei rahisi kuliko yote duniani na unafanya kazi.

Mtaani kwenyewe tumieni kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, firimbi. Kubalianeni sauti moja, kwa mfano firimbi ndefu tatu, na kubalianeni nani anapiga, jina lake, na asipokuwepo nani. Kwa wasiosikia ni mtu kwa mtu, kugonga na kumulika tochi.

KUTOA WATU

Kila jina kwenye daftari lipate watu wawili. Wawili, sio mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa zamu ya usiku au kijijini msibani. Na wasiwe watoto wa yule mzee wanaofanya kazi Kariakoo, wawe wa nyumba ya pili ya tatu, vijana wa kijiweni ni wazuri sana kwa hii kazi, wapeni heshima ya kuwakabidhi mtu mtaona. Wafanye mazoezi kweli, wambebe babu kwenye kiti cha plastiki mpaka shuleni, watajua wenyewe kwamba kichochoro ni chembamba kiti hakipiti, au ukuta mpya umeziba njia. Haya mambo bora yajulikane Januari.

Njia isipite kwenye daraja la miti wala kandokando ya mtaro mkubwa. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinabeba magari mengi, kwa hiyo yule bodaboda anayesema panda tuvuke msimsikilize, na nyie wenye magari vilevile. Watoto wasiogelee wala wasitazame maji ukingoni, kingo za Msimbazi zinameguka.

Mahali pa kufikia paandaliwe mapema. Shule, msikiti, kanisa, ukumbi, popote palipo juu. Mwenyekiti aongee na mwalimu mkuu mapema, ufunguo ukae kwa nani, vyoo vya wanawake viko wapi, taa ipo. Wanawake wanaogopa kulala ukumbini na wanaume wasiowajua na wana haki ya kuogopa, tenganisheni vyumba toka mwanzo. Andaeni maji ya kunywa, na kama kuna mtu ana kiti magurudumu hakikisheni kuna mlango usio na ngazi.

Alafu wizi. Mi naamini watu wengi zaidi wanabaki ndani kwa kuogopa wezi kuliko kwa ubishi, tusidanganyane. TV ya mkopo, cherehani, friji la kuuzia barafu, hayo ni maisha ya mtu. Ulinzi shirikishi upangwe kwa majina, mitaa miwili mitatu walinde kwa zamu wakiwa sehemu salama, na watu waambiwe wazi fulani na fulani ndo wanalinda. Mkifanya hivyo mtashangaa watu wanavyotoka.

Umeme uzimwe kwenye meni swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi, na kama yameshafika usiiguse, toka nje, muwapigie TANESCO. Uokoaji ni Zimamoto, 114.

Mfuko wa kila nyumba uwe umening'inia juu ya mlango muda wote wa mvua: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa, mkataba wa pango au risiti za kodi, tochi, nguo za mtoto, vyote kwenye plastiki. Mpangaji asikubali kukaa bila karatasi yoyote. Ikija orodha ya msaada au tathmini, mwenye nyumba ana hati au shahidi wa serikali ya mtaa, mpangaji asiye na karatasi ni kama hakuwepo. Piga picha vitu vyako ukiwa na nafasi, mtumie ndugu aliye mbali azihifadhi.

MITARO, VIFUSI NA VYOO

Kusafisha mtaro mnakujua. Nasema mambo mawili tu. Kwanza tope mkilitoa liondoke kabisa, lile la kurundika pembeni mvua ya kwanza inalirudisha, heri mchange bajaji ya mizigo. Pili, anzeni chini mkipanda juu, ukizibua juu wakati kwa jirani wa chini kumeziba umemtumia yeye mafuriko yako.

Hapohapo kuna jambo la vifusi ambalo halisemwi. Mwenye hela anajaza kifusi uwanja wake, ananyanyua msingi, anapiga ukuta mzima mzima bila tundu, kwake pakavu. Maji hayakupotea, yamehamia kwa mpangaji wa nyumba ya nyuma. Mkutano wa mtaa uliongelee hili bila aibu na bila kumuonea mtu: anayejaza aache njia ya maji, ukuta uwe na matundu chini, na kabla hajaanza aende kwa mwenyekiti. Kama tunataka kupunguza hatari ya mtaa na sio kuihamishia kwa mnyonge basi hapa ndo pa kukazia.

Vyoo, jamani, tuache kutapisha, yaani kufungulia choo uchafu utoke na maji, mvua ikinyesha. Najua kwa nini watu wanatapisha, gari la majitaka halifiki kichochoroni na likifika bei yake ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji. Lakini yale maji ndo watoto wanapita nayo magotini, na kipindupindu cha 2015 kilianza Dar kikaenda mikoa mingi. Njia ni kuchangishana Januari na Februari, nyumba nne tano mnamuita mmoja wa wale wenye pampu ndogo wanaoingia vichochoroni, bei inashuka mkiwa wengi, na nyumba ya bibi asiye na kitu mnaibeba. Msimuache, choo chake kikifumuka kinafumuka kwenu wote.

HELA NA MAJI YAKISHAONDOKA

Kikoba chenu kitenge mfuko wa mvua, hata elfu moja kwa wiki kwa mtu, usiguswe kwa harusi wala sare za ngoma. Kazi yake ni nauli, kodi ya mwezi mmoja sehemu nyingine, mtaji wa kuanzia tena kwa aliyepoteza. Na wenye nyumba wa bondeni naomba nanyi mfikirie, miezi ya mvua pokeeni kodi ya mwezi mwezi. Mtu aliyelipa miezi sita mbele hahami hata aone maji mlangoni, hela yake imefungwa humo.

Maji yakitoka usiingie kuchota tope na ndala. Vaa buti au funga mifuko miguuni, mkojo wa panya kwenye maji hayo unaleta homa ya mgunda. Maji ya kunywa chemsha au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ya kisima kilichofunikwa na mafuriko usiyaamini hata yakionekana meupe. Mwageni yaliyotuama kwenye makopo na matairi, dengi inakuja nyuma ya mvua. Na mpitie daftari tena jina kwa jina, nani yuko wapi, amekula, dawa zake zipo, watoto wamerudi shule au wamebaki kwa kukosa sare. Msaada ukija ugaweni kwa daftari hilo, hapo hata wale wasio na sauti ya kupigania foleni wanapata.

KUHAMA NA SERIKALI

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na mi siipingi. Lakini baada ya 2011 familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua na masoko yao, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu kiwanja hakiliwi. Sasa kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022. Mkiitwa kwenye mikutano ya miradi ya namna hii nendeni na daftari lenu, ulizeni mpangaji anapata nini, mjane asiye na hati anapata nini, huko mnakopelekwa shule iko umbali gani, nauli ya kwenda mjini shilingi ngapi. Ulizeni kwa maandishi mpate muhuri wa kupokelewa.

Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi za chini. Nendeni kwa mtendaji muulize kamati yenu ni akina nani na imekutana lini mara ya mwisho, kama haipo ombeni iundwe na awemo mtu mwenye ulemavu, mpangaji, na kijana wa kijiweni, sio wazee wa kiti cha mbele tu.

Daftari lirudiwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa tisa. Wapangaji wa Dar wanahama sana, jina la Februari ikifika Oktoba unakuta mtu mwingine kabisa kwenye kile chumba, na pengine huyo ndo anayehitaji kubebwa. Mkikosa muda wa kupita nyumba zote piteni kwanza vyumba vya uani na zile nyumba za mwisho kabisa karibu na mto, huko ndo kodi iko chini na ndo watu wapya wanaanzia.